Daftari langu lina miaka 22, yeye ameingia kwa siku nne

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Naandika usiku kwa sababu usingizi umenikimbia, na jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu wa kanisani kwetu. Kule wananijua kama mama wa maombi.

Nimeokoka miaka 22 iliyopita, na tangu wiki ile ya kwanza nina daftari. Mama mmoja aliyenilea kiroho ndiye aliyenifundisha. Upande wa kushoto unaandika siku ulizofunga, zaka uliyotoa, wagonjwa uliowatembelea, sura za Biblia ulizosoma. Upande wa kulia unaandika ulipoteleza. Mwisho wa mwezi unajipima. Sasa niko daftari la tisa. Mume wangu anajua tu kwamba mke wake anaandika-andika.

Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu, aliishi kinyume cha kila nilichoandika upande wa kushoto. Pombe, wanawake, uongo. Alimwacha mkewe na watoto watatu kwa miaka sita. Mimi mwenyewe alinikopa fedha ya ada ya watoto, kumbe hakukuwa na ada wala nini. Deni hilo nimeliandika, ukurasa wa mwisho wa daftari la saba. Mwaka huu ini likamshinda. Wifi yangu, yuleyule aliyeachwa, akamchukua na kumuuguza. Siku nne kabla hajafa, mdogo wangu aliomba aitiwe mchungaji, akalia, akatubu, akaombewa. Siku ya mazishi mchungaji akasimama akasema, "Ndugu yetu yuko na Bwana, kwa neema tu, si kwa matendo." Watu wote wakasema amina. Mimi nilifungua mdomo, amina ikagoma kutoka.

Tena wifi ni Mkatoliki. Mimi nimekulia nikifundishwa kwamba Wakatoliki wanategemea matendo na sisi tunategemea neema. Nikamuuliza kama anaamini kweli kwamba mume wake ameokoka. Akanijibu, "Neema iligonga, naye alifungua. Sasa mimi nidai nini?" Mwalimu, nilimwonea wivu yule mwanamke.

Naomba unisaidie. Kama yeye ameingia kwa siku nne, miaka yangu 22 ilikuwa ya nini? Na Yakobo je, aliyesema imani bila matendo imekufa? Na nikiliacha daftari, si nitalegea niwe kama yeye? Usiku ule wa mazishi niliyatoa madaftari yote tisa nikayapanga kitandani, nikaanza kujumlisha. Sikumaliza. Niliogopa jibu.

Mwenye Daftari

*

Marahaba, dada, na pole sana kwa msiba. Naanza na pole kwa makusudi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hakuna mahali uliposema kwamba umefiwa. Umesema mdogo wako amekufa, umetaja deni lake, umetaja maneno ya mchungaji. Kufiwa hukukutaja. Tutarudi hapo, ila ujue mapema kwamba nimeliona.

Amina iliyogoma wala isikutie aibu. Pengine wewe peke yako ndiye uliyesikia mchungaji alichosema. Neema tu, si kwa matendo: neno hilo likimwingia mtu sawasawa, jambo la kwanza linalofanya ni kumkera. Bwana Yesu alipolihubiri katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, aliwaweka wanung'unikaji ndani ya hadithi yenyewe, kana kwamba alijua utasoma.

Hapo Kiswahili kimetupa bahati, kwa sababu hesabu yetu ya saa ni ileile ya mfano. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja: jua linaelekea kuzama, imebaki saa moja kazi ifungwe. Walioajiriwa saa hiyo wakalipwa dinari moja, sawasawa na waliochomwa na jua tangu alfajiri. Sasa angalia ujanja wa mwenye shamba. Angeweza kuwalipa wa alfajiri kwanza, wakaenda zao wameridhika, wasijue lolote. Lakini alimwamuru msimamizi aanze na wa mwisho. Alitaka wa kwanza waone. Ugomvi ule aliupanga mwenyewe, kisha akauliza, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Kwa lugha ya nyumbani anauliza: una kijicho?

Unacho, dada. Wa alfajiri hawakupunjwa hata senti, dinari yao waliipata kama walivyopatana. Kilichowauma ni dinari ya mwingine. Miaka yako 22 haijaguswa na mtu.

Ila umeuliza miaka hiyo ilikuwa ya nini, na hilo sitalipita haraka, kwa maana ndipo daftari lilipo.

Paulo naye alikuwa na daftari. Amelifungua katika Wafilipi 3: alitahiriwa siku ya nane, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, kwa habari ya haki ya sheria hana hatia. Upande wa kushoto umejaa hadi pembeni. Halafu anaandika kama mtunza hesabu kabisa: "Lakini mambo yale yaliyokuwa faida kwangu, naliyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo." Mstari unaofuata anayaita mavi, na watafsiri wa Biblia yetu hawakuona haya kuliandika neno hilo.

Soma tena uone ni ukurasa gani aliouhamisha. Hakuzungumzia dhambi zake. Dhambi kila mtu anajua ni hasara, hata mdogo wako alijua. Alichokihamishia upande wa hasara ni faida zake: kabila lake, bidii yake, usafi wake. Wewe tangu ulipookoka umekuwa ukimpelekea Kristo upande wa kulia wa daftari, ule wa kuteleza, na kumwomba aufute. Wa kushoto umeubakiza mkononi. Ukishikwa na hofu unaugeukia huo, na usiku wa mazishi ndio uliokuwa ukiujumlisha. Neema peke yake maana yake ni kwamba anazichukua pande zote mbili. Mdogo wako ilikuwa rahisi kwake kwa sababu hakuwa na cha kubakiza, upande wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Wako una uzito, na ndiyo maana mikono yako haifunguki.

Neno tunalotumia makanisani, "kuhesabiwa haki", ni la daftari pia. Warumi 4:4 inasema, "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Neno la Kigiriki alilotumia Paulo hapo lilikuwa la wafanyabiashara waliokuwa wakiingiza kitu katika hesabu ya mtu. Basi kama wokovu wako ni mshahara, Mungu ni mdaiwa wako. Sidhani uliwahi kuthubutu kulisema hivyo katika maombi, lakini madaftari tisa yamelisema kwa niaba yako. Na lile neno la Waefeso 2:8, "ni kipawa cha Mungu", siku hizi tukilisikia tunafikiria kipaji cha kuimba au cha kuchora. Pale maana yake ni zawadi tu, kitu alichopewa mtu mkononi. Zawadi ukiilipia, hata kidogo kidogo kwa miaka 22, umeigeuza biashara, na aliyekupa atasikitika.

Usidhani wewe ni wa kwanza. Mwaka 1505 kijana mmoja Mjerumani aliingia utawani mjini Erfurt, akafunga, akakesha, akaenda kuungama kwa saa nyingi, akitoka anakumbuka dhambi nyingine na kurudi. Padri aliyemlea, Johann von Staupitz, alikuwa akimwambia amtazame Kristo badala ya kujitazama mwenyewe. Kijana huyo ni Martin Luther. Tumezoea kumfikiria akiwa na hoja zake 95 za mwaka 1517, mtu wa kugombana na wakubwa, lakini kabla ya hapo alikuwa mtu wa daftari kama wewe, mwenye hofu kama yako, na fundisho la neema halikumjia kama hoja ya kushindia mjadala. Lilimjia kama ahueni.

Naye ndiye aliyetuachia neno "peke yake". Alipochapisha Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, katika Warumi 3:28 aliongeza neno hilo, "kwa imani peke yake", ambalo halimo katika Kigiriki. Walimshambulia sana, naye mwaka 1530 akajibu kwamba Kijerumani kinalidai na maana ya Paulo inalibeba. Mimi nakubaliana naye juu ya maana, ingawa kila nikifika hapo natabasamu kidogo: mahali pekee katika Biblia ambapo maneno "imani" na "peke yake" yanakutana ni Yakobo 2:24, na pale yametanguliwa na "si".

Ndiyo, nimefika kwa Yakobo wako. Watu humtumia kama rungu la kumpigia Paulo, na wote wawili wanamtaja Ibrahimu, kwa hiyo tumwendee Ibrahimu mwenyewe. Katika Mwanzo 15 anaambiwa ahesabu nyota, anaamini, na Mungu anamhesabia jambo hilo kuwa haki. Bado hajatahiriwa, hiyo ni sura ya 17. Bado Isaka hajazaliwa. Sura ya 22 ndipo anapompandisha Isaka mlimani. Paulo anasimama kwenye sura ya 15 na kuuliza: mtu huyu alikubaliwa lini? Yakobo anasimama kwenye sura ya 22, miaka mingi baadaye, na kuuliza: ile imani ilikuwa hai au ilikuwa maneno? Yakobo alikuwa na watu mbele yake waliomwambia ndugu mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani" na kufunga mlango, kisha wakajisifu kwamba wanaamini. Akawaambia hata mashetani wanaamini, na kutetemeka. Wewe hufungi mlango. Barua ya Yakobo haikuandikwa kwa ugonjwa wako, na dawa ya mwenzako si lazima uimeze.

Habari ya kulegea nitaisema kwa ufupi kwa sababu Paulo alishaijibu kwa neno moja, Warumi 6: "Hasha!" Waliouliza "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" walikuwepo tangu wakati wake, nao wapo hadi leo, wengine wanashika maikrofoni. Soma Waefeso 2 usiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Matendo yapo, ila yametoka mlangoni yakaingia ndani ya nyumba. Wagonjwa wako waliotembelewa walitembelewa kweli. Waliyoyapata kwako hayafutiki kwa sababu wewe uliyaandika mahali pasipostahili.

Sasa wifi yako, ambaye kwa kweli amenifurahisha kuliko sisi wawili. Ulichofundishwa kuhusu Wakatoliki ni nusu, na nusu yenyewe imechakaa. Pelagio alipofundisha karne ya 5 kwamba mtu anaweza kuishika haki kwa nguvu zake mwenyewe, aliyempinga kwa nguvu zote ni Augustino, askofu ambaye Wakatoliki na Waprotestanti wote wanamwita baba. Sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, ya Kartago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 418 ikaikataa hoja ya Pelagio, na ile ya mji wa Orange, Ufaransa, mwaka 529 ikasema kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kumtafuta Mungu, ni kazi ya neema. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliowapinga Waprotestanti waziwazi mwaka 1547, kanuni yake ya kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki inamlaani anayesema mtu aweza kuwa mwenye haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema ya Mungu kwa njia ya Kristo. Tofauti ilibaki, tena kubwa: Trento ilikataa pia "imani peke yake", ikasisitiza kwamba mtu hushirikiana na neema na kukua ndani yake. Ndiyo maana wifi anasema "alifungua", na Mlutheri angeongeza haraka kwamba hata mkono wa kufungulia ulipewa nguvu na neema.

Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja. Walikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya wokovu ya Kristo, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayetufanya wapya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakaungana nao mwaka 2006, na Ushirika wa Makanisa ya Matengenezo Duniani mwaka 2017. Si kila Mlutheri aliyefurahi, na mambo kadhaa bado yanabishaniwa. Hata hivyo ukipima, utaona kwamba nyumbani kwenu Mprotestanti ndiye aliyekuwa akitunza hesabu, na Mkatoliki ndiye aliyesema "nidai nini". Fundisho mtu anaweza kulikiri kila Jumapili na asiwe amewahi kuliegemea hata siku moja.

Nami sisemi kwamba neema imefuta aliyoyafanya mdogo wako kwa watu. Msamaha wa Mungu hauwarudishii watoto wale miaka sita. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipokubaliwa, alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne kwa aliowadhulumu, wala hakuambiwa arudishe ndipo Yesu aingie kwake. Yesu alishaingia. Mdogo wako hakuwa na muda wa kusimama kama Zakayo. Alikuwa kama yule mwizi msalabani, ambaye mikono yake ilikuwa imegongomewa, asingeweza kurudisha kitu hata angetaka. Yote aliyoweza ni kusema "nikumbuke". Kuumia kwa ajili ya wale watoto ni haki yako, wala neema haikuombi ujifanye hayakutokea.

Hapa ndipo narudi kwenye kufiwa. Yule ndugu mkubwa wa Luka 15, baba alipotoka nje kumsihi, alimjibu kwa hesabu: nimekutumikia miaka mingapi hii, sijakosa amri yako, hujanipa hata mwana-mbuzi. Na ukimsikiliza, hasemi "ndugu yangu". Anasema "huyu mwana wako". Baba anamrudishia neno lake polepole: "huyu ndugu yako". Kijana wa daftari la saba alikuwa kitindamimba wenu. Nadhani kuna siku ulimbeba mgongoni. Umemgeuza mdaiwa ili usilazimike kumlilia, kwa sababu mdaiwa akifa mtu hukasirika tu.

Lile deni la ada, nakuomba usome Waraka kwa Filemoni. Una sura moja tu, utaumaliza kabla chai haijapoa. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake, na inaelekea alikuwa amemtia hasara. Paulo anamrudisha akiwa na barua mkononi, na ndani yake anasema: kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Hakusema deni halikuwepo. Amesema liandikwe, ila kwa jina lingine. Kama unahitaji sana kuandika, fungua ukurasa ule wa mwisho, ulifute jina la mdogo wako, na badala yake uandike jina la aliyekwisha kulipa. Kisha hilo ndilo liwe andiko la mwisho la daftari lile.

Hayo mengine nane sikuambii uyachome. Moto wa namna hiyo unapendeza kusimuliwa, halafu wiki ijayo mtu ananunua daftari jipya. Fanya hivi: kwa mwezi mmoja usiandike kitu. Fungeni, toeni, tembeleeni wagonjwa kama kawaida, wewe na mumeo, ila usiandike. Na siku moja unayofunga kwa mazoea, siku hiyo kula. Utaogopa. Hofu hiyo ikija, usiikemee. Iulize inamwogopa nani, na kama huyo inayemwogopa anafanana na yule aliyemwambia mwizi "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Ukipata jibu niandikie, hata kama ni jibu baya.

Na kabla ya hayo yote nenda kwa wifi yako. Usiende kumfariji wala kumwombea, usipeleke neno la Biblia. Mwombe akusimulie zile siku nne za mwisho, alisema nini, alilia vipi, aliuliza habari za nani. Mchungaji alikuwepo kwa saa moja, yeye alikuwepo usiku. Sitashangaa kama jina lako lilitajwa.

Mwalimu